Mtu Aliyeitwa Kila Asubuhi

Juzi mkimbiaji wetu mmoja alishinda huko ng'ambo, nami nikamwaga chai. Mambo hayo mawili ni jamaa wa karibu, ngoja nikueleze. Nilikuwa sebuleni kwangu hapa Skuta, mjini Nyeri, mahali ambapo mtu akinitafuta hanikosi, maana mimi si mtu wa safari. Mombasa naijua kwa kalenda, na Nairobi nilienda mara ya mwisho kwa ajili ya jino. Mjukuu wangu alikuwa amejilaza kwenye zulia na simu yake, televisheni ikijiongelesha. Mara bendera ikaanza kupanda, ngoma zikalia, na kabla akili yangu haijafika, miguu ilikuwa imeshasimama. Kikombe kikaenda njia yake. Nikasukuma kiti changu nyuma, krrr, kwa nguvu ya mtu anayetaka asikike hata nje, halafu nikanyoosha mguu nikasukuma na kile kigoda cha pembeni, ambacho hakikuwa na mtu. Krrr.

"Shosho, unaenda wapi?" mtoto akauliza bila kuinua kichwa.

Sikumjibu. Wimbo wa taifa ukichezwa mimi siongei, hata paa likishika moto. Nilisimama mikono ikiwa ubavuni, goti langu likinitukana kimyakimya, chai ikitafuta njia chini ya kabati. Ulipoisha nikaketi. Mjukuu sasa alikuwa amekaa kitako akinitazama vile unavyomtazama mtu uliyemkuta akisalimiana na mlango.

"Na hicho kigoda umekisukumia nani?"

Nikamwambia alete kitambaa apanguse chai. Lakini wewe nitakueleza, maana wewe na mimi tunaelekea kuwa wa rika moja, na kama si wa rika moja basi una subira.

Nilipokuwa mtoto tulikaa mjini hapa hapa Nyeri, kwenye nyumba za laini za wafanyakazi wa serikali. Zilikuwa safu ndefu ya vyumba chini ya bati moja, sakafu ya simiti, na kati ya nyumba na nyumba ukuta wa mbao tu. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni na woga mmoja mkubwa, kwamba siku moja ataitwa aulizwe jambo asilolijua. Mama alibandika magazeti ya zamani ukutani kwa uji wa unga ili upepo usipenye kwenye nyufa. Mimi nilijifunzia kusoma hapo, nikisoma ukuta, na ndiyo sababu mpaka leo habari nyingi nazijua nusu. Siku moja Baba aligundua kwamba Mama alikuwa amebandika picha ya mkubwa fulani kichwa chini miguu juu, karibu na mahali pa mafiga. Hakula siku hiyo mpaka ilipobanduliwa. Na kwa kuwa haikukubali kubanduka, ilifunikwa na tangazo la sabuni.

Usicheke. Ilikuwa ile miaka ya kwanza ya uhuru, bendera bado ina mikunjo ya dukani. Heshima ya bendera na ya wimbo ilikuwa kama kiatu kipya, kila mtu akitembea nacho polepole asije akakikwaruza. Jioni, bendera ikishushwa pale kwa D.C., mkuu wa wilaya, filimbi ililia na mji ukaganda. Mwenye baiskeli alishuka. Mwenye kabichi kichwani alisimama nazo hapo hapo, shingo ikiingia mabegani. Tuliambiwa ati kuna mtu huko Kerugoya alijikuna pua wimbo ukichezwa, akalala ndani. Ati mwingine alitoka sinema kabla wimbo wa mwisho haujaisha, akarudishwa, akasimamishwa mbele ya viti vitupu mpaka kulipokucha. Hakuna aliyewahi kutuonyesha huyo mtu wa pua, lakini ngoma zikianza tu, pua zote za mtaa ziliwasha.

Shuleni mambo yalikuwa vivyo hivyo. Kulikuwa na msimu wa siafu, mvua zikianza, nao walipenda kupita uwanja wa gwaride wakati ule ule bendera inapopanda. Walikuingia kwenye soksi, wakapanda. Ukilia ulipigwa, ukiruka ulipigwa. Mwalimu wetu alikuwa na neno lake la siku hizo: "Siafu hawana taifa. Nyinyi mko nalo." Kisha akasimama wima, na sisi tukaona siafu mmoja akitembea kwenye shingo yake, akiingia kwenye kola, na mwalimu hakupepesa jicho. Nilimheshimu sana mtu yule. Pia nilimshuku, kwamba labda alikuwa amejipaka mafuta ya taa.

Nyumbani tulikuwa na redio. Ilikaa kwenye rafu peke yake, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, kama mgeni asiyeondoka. Asubuhi mapema, kabla ya habari, stesheni ilifungua kwa wimbo wa taifa, na Baba aliamua kwamba nyumba yake itasimama. Mama ndiye aliyepiga amri, kwa sababu Baba wakati huo alikuwa na povu la kunyolea kidevuni na hakutaka kufungua mdomo. Ngoma zikilia tu, Mama aliita kwa lugha yetu ya Kikuyu: "Rugamai." Maana yake ni simameni, basi, hakuna kingine. Lakini Mama alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka shamba la ng'ambo ya mto, na ile g yetu, unajua, inatoka laini kooni kama mtu anayesafisha koo kwa adabu. Rugamaaai. Viti vikasukumwa, krrr, krrr, tukasimama.

Kazi yangu ilikuwa maziwa. Niliwasha jiko la makaa nje, nikalipepea kwa kifuniko cha kopo hadi macho yakawa mekundu, nikaliingiza ndani baridi ikiwa kali, nikateleka maziwa ya chai. Sasa maziwa hayana uzalendo. Yalikuwa yakingoja ngoma zianze ndipo yachemke. Nami nilisimama pale, mikono ubavuni, nikiyaona yanapanda, yanapanda, yanachungulia ukingoni, yananitazama, halafu yanamwagika kwenye makaa na kunuka nyumba nzima. Wimbo ukiisha Mama alinipa kofi dogo. Nikiyaepua kabla haujaisha, Baba alinitazama kwa jicho ambalo lilikuwa baya kuliko kofi. Hiyo ndiyo elimu niliyopata kabla ya shule, kwamba kuna hali ambayo kila njia ni ya makosa.

Tena kulikuwa na betri. Tulizianika juani ili ziongeze siku, na siku zikikataa, redio ilikufa katikati ya wimbo. Siku ya kwanza hilo lilipotokea tulibaki tumesimama bila kujua tukae lini. Baba akainua kidole, akaanza kuuvumisha kwa pua, mmm, mmm, povu likianguka shatini, mpaka akaufikisha mwisho wake. "Mtu asiseme tumeuzima," akasema.

Mtu huyo alikuwa jirani.

Aliletwa mwaka ule kwenye chumba cha upande wa pili wa mbao, askari polisi kutoka magharibi, mrefu, mweusi tii, peke yake, bila mke wala watoto wala hata paka. Mtu mzima asiye na mtu wa kugombana naye, tulisema, ana wakati mwingi wa kusikiliza. Hakuwa na redio. Hakuwa na maneno. Alisalimu mara moja, "habari ya hapa," akapita. Jioni tulisikia akisonga ugali peke yake, mwiko ukigonga sufuria, kisha kimya kirefu. "Anafanya nini sasa?" Mama alinong'ona. "Anaandika," Baba akajibu. Tulikula githeri yetu tukitafuna polepole, maana mahindi hufanya kelele.

Na kila asubuhi, wimbo ukianza, Mama akiisha kuita na viti vikiisha kusukumwa, kutoka kwake tulisikia buti likigonga simiti mara moja. Paa. Kisha kimya mpaka mwisho.

Baba alilitafakari buti hilo siku nyingi. Mwishowe akafikia uamuzi. "Anahesabu viti," alisema. "Akimaliza kuhesabu, anagonga." Basi kuanzia hapo tukaambiwa tusisimame kiungwana, tusimame kwa sauti. Kiti kisukumwe kiguse ukuta. Ndugu yangu mdogo, ambaye alikuwa haketi kwenye kiti bali kwenye mkeka, alipewa debe la kusukuma. Nami naapa, nyumba yetu ikisimama ilikuwa kama lori la mchanga linamwaga. Na jinsi sisi tulivyoongeza kelele, ndivyo buti la jirani lilivyoongeza nguvu. Paa. Magazeti ukutani yalitikisika.

Hali ilikuwa hiyo bibi yetu alipokuja.

Cucu, mama yake baba, alitoka kwake upande wa Gakindu kwa sababu ya goti. Alikuwa amechuma kahawa maisha yake yote kwenye miteremko ambayo hata mbuzi hufikiria mara mbili, na goti lake la kulia lilikuwa limevimba likawa kama nduma. Daktari wa mjini alisema awe akija kukandwa na kudungwa sindano kila juma mpaka lipoe. Akaja na kiondo cha nduma, ndizi za kupika, na ile harufu yake ya moshi na majani ya kahawa ambayo nikiinusa hata leo nageuka.

Shida ni kwamba nyumba zile zilikuwa na masharti. Waliolala humo ni wale tu ambao ofisi iliwajua, na mgeni wa kulala alipaswa kuelezwa kwanza. Baba hakumweleza mtu. Alihofia kwamba akieleza ataulizwa, na akiulizwa atajibu, na akijibu atajibu vibaya. Kwa hiyo Cucu aliingia jioni, mtandio ukiwa usoni, na Mama akatuambia tukiulizwa tuseme tuko vile tulivyo.

Asubuhi yake ngoma zikalia. "Rugamai," Mama akaita. Tukasimama kwa kishindo chetu. Cucu hakusimama. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na jiko, mguu umenyooshwa mbele, akipasha mikono. Baba alimtazama kwenye kioo cha kunyolea. Cucu akamtazama kwenye kioo hicho hicho. Wimbo ukaisha.

"Mama," Baba akasema kwa sauti ya chini, "huu ni wimbo wa taifa. Watu husimama."

"Nimeona mkisimama."

"Ni heshima."

"Basi heshimuni. Goti langu linauma."

"Ukisimama kidogo tu, ushike meza."

Cucu akavuta shuka yake mabegani. "Mwanangu, mimi nimesimama ya kutosha. Wakati ule wa handaki nilisimama juani tangu asubuhi tukihesabiwa, na wewe, kijana, ukiwa kando yangu. Hukuniambia nishike meza."

Handaki ni lile tulilosikia wakubwa wakilitaja na kunyamaza, lililozunguka kijiji chao miaka ya hali ya hatari. Baba akageukia kioo. Akafuta povu. Lakini ukuta ulikuwa pale pale na buti lilikuwa limeshagonga, na Baba alikuwa karani, alipenda hesabu ikubali. Akageuka kwangu. "Wewe, kuanzia kesho, ukisukuma kiti chako usukume na kigoda cha Cucu. Kwa mguu. Jirani asikie watu wote."

Sasa nifikirie, rafiki yangu. Nina maziwa mbele. Nina kiti nyuma. Nina bibi aliyekaa juu ya kigoda ninachotakiwa kukisukuma. Tulipatana na Cucu kwamba atakalia ndoo iliyofunikwa, na kigoda kibaki kitupu kwa ajili ya serikali. Kila asubuhi nikakisukuma, krrr, na Cucu juu ya ndoo akitabasamu kwenye makaa kama mtu anayechezewa mchezo. Lakini faida moja niliipata. Kwa kuwa yeye hakusimama, mikono yake ilikuwa huru. Maziwa yakipanda, aliyaepua kwa pindo la shuka, taratibu, bila neno. Tulikunywa chai iliyokamilika. Nikaanza kuona ya kwamba kila nyumba ingehitaji mtu mmoja wa kutosimama.

Halafu mwenye duka akaleta habari.

Mama alikuwa amenituma chumvi. Mwenye duka, mama mmoja mnene aliyejua nani amenunua nini na kwa nini, akaniegemea juu ya kaunta. "Hebu niambie, mzee Lukamai ni nani yenu?"

"Nani?"

"Jirani yenu yule afande ameniuliza. Ati ni mzee gani huyo Lukamai anakaa kwenu, ametoka wapi, ati anataka kumwona. Mimi nikasema sijui. Si nyinyi ni Wakikuyu? Hiyo jina si ya huku."

Nilirudi mbio bila chumvi. Baba alipopata habari jioni alikaa chini na kofia kichwani. Lukamai. Alilirudia kimoyomoyo, midomo ikitembea. Hakuna Lukamai kwa ukoo wa baba, hakuna kwa mama, hakuna ofisini. "Hilo ni jina la kwao huyo askari," akasema. "Anatuwekea mtu. Anasema tumemficha mtu, halafu waje kutafuta, na wakitafuta watampata nani? Watampata Mama." Akatazama pazia lililogawanya chumba, ambalo nyuma yake Cucu alikuwa akikoroma. Wote tukatazama pazia. Mama alimshuku mwenye duka. Baba alimshuku shemeji yake, ambaye aliwahi kumnyima jembe. Mimi, kwa siri, nilianza kumshuku Cucu mwenyewe, kwamba huenda zamani aliitwa Lukamai.

Hadi siku hiyo Cucu alikuwa amemaliza sindano chache tu, na goti lilikuwa ndio kwanza limeanza kukunjika. Lakini Baba alikata shauri. Angempeleka kwenye basi la kwanza la kwenda kwao kesho, kabla watu hawajaamka. Mama akasema goti. Baba akasema nyumba. Mama akasema tena goti. Baba akasema, "Tukitolewa hapa, huyo mwenye goti na asiye na goti watalala wapi?" Cucu alipoamshwa na kuelezwa hakubisha. Alianza kukunja nguo zake, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba alizikunja haraka, kama mtu aliyezoea kuambiwa ahame.

Basi kesho yake nikawasha jiko kungali giza. Kiondo kilikuwa mlangoni kimefungwa kamba. Cucu amekalia ndoo, viatu miguuni, mguu mbaya mbele. Baba alikuwa ananyoa upande wa pili wa uso. Redio ilikuwa inakoroma kwa ule mlio wa kabla ya kufungua. Na mlango ukabishwa.

Hakuna mtu aliyesema karibu. Mlango wenyewe ulisukumika kidogo, na jirani akaingia akiwa amevaa sare kamili, ameinama ili kofia isiguse mwimo. Mfuko wake mmoja wa suruali ulikuwa umefura kwa kitu. Niliona Baba akiutazama mfuko ule. Mimi pia niliutazama, na nilijua kabisa ni pingu.

"Hamjambo," akasema. "Mzee, samahani kwa mapema. Nimekuja kumwona..."

Ngoma zikalia.

Na Mama, jamani, Mama ambaye mkono wake ulikuwa umeshika kifua, mdomo wake ukafanya kazi yake ya kila siku bila kumwuliza. "Rugamai."

Krrr, Baba. Krrr, Mama. Debe la ndugu yangu. Kiti changu, na kigoda kitupu, krrr. Na jirani pale mlangoni, buti, paa, mkono kwenye kofia.

Sijui kama umewahi kusimama kwa wimbo wa taifa ukimtazama mtu aliyekuja kukuvunjia nyumba. Ni mrefu wimbo ule. Hakuna anayeweza kusema, hakuna anayeweza kukimbia, hata Baba hakuweza kupangusa povu lililokuwa likimteremka shingoni. Jirani alikuwa wima kama nguzo ya simu, lakini macho yake yalikuwa yanatembea. Yalienda kwenye pazia, yakangoja hapo. Yakarudi kwenye kigoda kitupu. Yakaenda tena kwenye pazia, kama mtu anayejua kwamba sasa hivi, sasa hivi, mtu atatoka. Hakuna aliyetoka. Ndipo macho yakashuka, yakamwona Cucu juu ya ndoo, ameketi, na kiondo chake karibu. Yakabaki hapo. Maziwa nayo, bila aibu, yakaanza kupanda. Nikafumba macho. Nilisikia yakifika ukingoni, ule mlio wake mdogo, kisha nikasikia sufuria ikiwekwa sakafuni polepole. Nilipofumbua, Cucu alikuwa anakunja pindo la shuka yake, na anamtazama afande usoni bila haraka.

Wimbo ukaisha. Jirani akashusha mkono.

"Haya," akasema, "mwambieni atoke tu. Si mambo mbaya."

"Nani, afande?" Sauti ya Baba ilitoka ndogo.

"Huyu mzee Lukamai."

"Afande, naapa, hapa hakuna Lukamai."

"Mzee, usinifiche. Mimi nalala hapo tu." Akaonyesha ukuta. "Kila asubuhi mama anamwita. Kila siku. Hata sasa, mbele yangu, amemwita. Akiitwa, nasikia viti, watu wengi wanasimama. Nikasema huyu lazima ni mtu mkubwa, nyumba yote inamsimamia."

Mama aliziba mdomo kwa mikono miwili. Baba alibaki na wembe hewani. Wa kwanza kucheka alikuwa Cucu. Alianza chinichini, tumboni, ndoo ikalia chini yake, kisha akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Ati anatafuta Simameni," akasema kwa Kikuyu. "Mwambieni Simameni ametoka."

Mama ndiye aliyemweleza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwamba rugamai ni simameni, ni amri ya wimbo, si mtu. Jirani alisikiliza. Alilijaribu neno, "lu-ka-mai," akalijaribu tena, na kwake lilikuwa bado ni jina la mtu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivua kofia, na bila kofia alikuwa kijana tu, mdogo kuliko nilivyofikiri, mwenye alama ya kofia kwenye paji.

"Kwa hivyo hayuko," akasema.

"Hayuko, afande."

"Nilidhani ni mtu wa kwetu." Akaingiza mkono kwenye mfuko ule uliofura, akatoa kifurushi cha gazeti, akakiweka mezani. Kilifunguka kidogo pembeni. Njugu karanga, zile nyekundu ndogo, mbichi. "Zimetoka nyumbani wiki hii. Nikasema nimletee mzee, tuongee kidogo. Toka nifike huku sijaongea na mtu lugha yangu. Jina nimelisikia kila siku, nikawa nafurahi. Nikasema, angalau mmoja yuko."

Baba akauliza lile lililomnyima usingizi. "Na hilo buti, afande? Kila asubuhi?"

Jirani akatazama chini. "Mimi sina redio. Nasikia yenu. Nyinyi mnasimama kwa nguvu sana. Nikasema hawa watu wananiangalia, wanataka kujua kama askari amesimama. Nikawa nagonga mjue nimesimama."

Baba hakucheka mpaka mchana, na alichekea ofisini, wakafikiri amepandishwa cheo.

Cucu hakupanda basi siku hiyo. Jirani mwenyewe alikiinua kiondo kutoka mlangoni akakirudisha nyuma ya pazia, na akasema kama kuna mtu wa kuulizwa habari ya mama mzee mwenye goti, ataulizwa yeye, na yeye hajaona kitu. Cucu alimaliza sindano zake zote. Jirani alianza kuja asubuhi na kiti chake, akala nduma kwetu, akasikiliza habari, akatuletea kuku aliyempika mwenyewe, ambaye Mama alimkagua kwanza kwa muda mrefu, maana kushuku hakuishi kwa siku moja. Yeye na Cucu waliongea sana. Cucu hakuwa na Kiswahili na jirani hakuwa na Kikuyu, lakini walimenya njugu pamoja na kila mmoja akasema yake. Cucu alimwita jirani Lukamai. Aliitika.

Nami nina jambo moja ambalo mpaka leo linanisumbua, na nimelishika kwa sababu kwetu tulilelewa kushuku. Goti lilipona. Niliona kwa macho yangu Cucu akienda mferejini na mtungi, akirudi, akiinama, akiinuka kama msichana. Na kesho yake ngoma zikalia, Mama akaita, tukasimama, jirani akagonga buti lake hapo hapo ndani kwetu, na Cucu akabaki ameketi, mguu mbele, akiwinda maziwa. Baba alilitazama goti. Lakini nilimwona jirani. Aligeuka robo, bila kushusha mkono, uso wake ukaelekea ukutani kwenye tangazo la sabuni, ili asiwe ameona. Aligeuka hivyo kila asubuhi, mpaka alipopewa uhamisho akaenda mji mwingine, nasi tukarudi kusikia kimya upande wa pili wa mbao. Sijaona heshima kubwa kuliko ile robo ya kugeuka.

Zile nyumba za laini zilibomolewa zamani. Pale pana ghorofa sasa, kuta za mawe, mtu anaweza kufa upande wa pili usijue. Redio siku hizi haifungui kwa sababu haifungi. Filimbi ya jioni sijaisikia tangu nilipokuwa na meno yangu yote. Vijana wimbo ukichezwa wanatoa simu wajipige picha, na hakuna anayewafanya lolote, na mimi nafurahi, kisha nageuka kuangalia kama kuna anayeniona nikifurahi. Cucu amelala kwake Gakindu chini ya mikahawa ambayo hakuna anayeichuma. Lukamai sijui aliishia wapi. Natumaini alimpata mtu wa kuongea naye.

Goti langu la kulia nalo limeanza kuvimba. Daktari anasema ni uzee, nami namshuku. Nasimama bado, kwa sababu mtu aliyefundishwa na siafu hasahau. Lakini natafuta sauti ya buti upande wa pili wa ukuta, na ukuta haunijibu.

Mjukuu alileta kitambaa, akapangusa chai, akarudi kukaa. Hakuwa amesahau, watoto wa siku hizi wanasahau kila kitu ila kile unachotaka wasahau.

"Shosho, hujaniambia. Hicho kigoda ni cha nani?"

Nilikitazama. Kilikuwa kimegeuka kidogo, robo tu, kuelekea ukutani.

"Ni cha mtu anaitwa Lukamai," nikamwambia. "Akija, mpe njugu."